Sauti Iliyobaki Kwenye Ngoma

Mwanamke aliyepiga drams katika bendi ya Sindano Nne hakuwa na umbo la kutisha. Alikuwa mwembamba, mkimya, fundi wa kushona sare za shule na mapazia, na ukimkuta asubuhi kwenye cherehani yake, miwani imemshuka puani na pini kazibana midomoni, ungesema huyu hata nzi hawezi kumfukuza. Lakini akishika vile vijiti viwili, jamani, kuta zilikuwa zinajua. Ndiyo maana wenzake wakamwita Mshindo, na jina likamganda mpaka wateja wa dukani wakawa wanaulizia, "Mshindo yupo? Nimemleta huyu mtoto apimwe sketi."

Walikuwa wanawake wanne. Nesi alipiga gitaa la besi, na kweli alikuwa muuguzi, wa wodi ya wazazi, mwenye vidole virefu na mdomo mwepesi kuliko vidole. Mwalimu alifundisha chekechea na kupiga gitaa la mbele. Alisema mtu aliyezoea darasa la watoto wadogo siku ya mvua hawezi kuogopa kelele za umeme. Mwimbaji alikuwa mdogo wake Mshindo, baba mmoja mama mmoja, aliyeitwa Chiriku tangu utotoni kwa sababu hakunyamaza hata chakula kikiwa mdomoni.

Muziki wao ulikuwa pop na roki, magitaa yanayonguruma lakini maneno mepesi, ya kuimbika mtu akiwa anaosha vyombo. Walifanyia mazoezi chumba cha nyuma cha duka la Mshindo, katikati ya marobota ya vitambaa. Vitambaa vilimeza kelele, majirani wakashukuru. Watu waliwacheka, hilo halikukosekana. Bwana mmoja muuza viatu aliwasimamisha mlangoni akawauliza, "Nyinyi wanawake wazima na magitaa, mtapiga kwenye harusi ya nani?"

"Ya kwako ya pili," Nesi akamjibu. "Ya kwanza naona imekushinda."

Walicheka mpaka Chiriku akakaa chini juu ya robota la kitambaa cha bluu.

Basi baada ya miaka ya kupiga kwenye mahafali na sherehe za watu, waliamua kutengeneza albamu yao ya kwanza. Wakaenda studio kwa Mzee Waya, fundi mitambo wa siku nyingi. Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo kinene, kuta zimevalishwa magodoro na mazulia makuukuu, na humo ndani kulinukia vumbi la moto na risasi ya kuunganishia nyaya. Mzee Waya alivaa ndala za sponji saa zote, kwa kuwa alisema viatu vina tabia ya kuimba bila kualikwa.

Kazi ya kurekodi ina utaratibu wake. Drams ndizo zinazotangulia, kama msingi wa nyumba. Mpiga drams anapopiga, mwimbaji anamwimbia kwa juujuu tu ili ajue wimbo umefika wapi. Hiyo wanaiita sauti ya kuongozea. Baadaye vyombo vingine vikishaingia, ile sauti inafutwa, na mwimbaji anarudi kuimba kwa makini, sauti yenyewe ya albamu. Na siku zote mwimbaji huwekwa chumba kingine, mpiga drams akamsikia kwenye hedifoni.

Mshindo alikataa katakata. Tangu usichana wake alikuwa amezoea kupiga huku anautazama mdomo wa mdogo wake.

"Mimi nikimsikia bila kumwona, mikono inapotea njia," alisema. "Akae hapa hapa mbele yangu."

"Bibi mdogo," Mzee Waya akamwambia, "maiki za drams zina masikio makubwa. Zitakuchukua wewe na yeye."

"Zimchukue tu! Kwani ni wa jirani?"

Wote wakaangua kicheko, Chiriku kuliko wote, ingawa siku hiyo alikuwa na mafua na kila akicheka alimalizia kwa chafya. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa karibu kabisa na ngoma kubwa, leso mkononi, akaimba nyimbo zote za albamu vivyo hivyo, pua imeziba, miguu kaivua viatu. Drams zikaisha. Zilikuwa nzuri.

Kabla magitaa hayajamalizika kurekodiwa, Chiriku akaondoka. Hoteli moja kubwa katika nchi nyingine ilikuwa na bendi yake ya kila jioni, mwimbaji wao akawaacha ghafla, na rafiki wa rafiki akamtaja Chiriku. Mambo yakaenda mbio. Mshindo alimpindia gauni jekundu akiwa amelivaa mwilini, mwenyewe Mshindo amepiga magoti, pini mdomoni, na mdogo wake hakusimama tuli hata kidogo.

"Dada, nakwenda tu kumshikia mtu nafasi. Nitarudi tuimbe sauti. Msinitafutie mwingine, mnasikia?"

"Tunasikia. Geuka."

"Nimegeuka."

"Umegeuka upande ambao nimeshamaliza, Chiriku."

Akacheka, akageuka. Siku ya pili yake alikuwa hayupo.

Mwanzoni alipiga simu kila mara. Aliwasimulia mazulia ya hoteli, marekebisho ya gauni, mpiga kinanda anayenuna. Halafu simu zikawa za Jumapili, halafu za Jumapili nyingine. Halafu ukaja ujumbe mmoja, kawatumia wote watatu kwa pamoja: "Mkataba umeongezwa. Tafuteni mtu aimbe, msichelewe kwa ajili yangu. Nawapenda sana." Mshindo aliusoma pini ziko mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake, ndipo akausoma tena.

Wakamtafuta mtu. Hawakwenda mbali, maana nyumba ya tatu kutoka dukani kulikuwa na msusi aliyekuwa akiimba juu ya vichwa vya watu kutwa nzima, sauti nzito, ya chini, yenye joto kama blanketi lililoanikwa juani. Walipomwomba aliogopa. Akasema yeye ni mtu wa vichana na nyuzi. Akasema hajawahi kushika maiki. Nesi akamwambia maiki haiumi, na kama inauma yeye ana dawa. Kwa hiyo Msusi akakubali, na kila akitoka kazini alikuja chumba cha nyuma kujifunza nyimbo, mikono bado inanukia mafuta ya nywele.

Sasa kuna jambo ambalo Mshindo hakumwambia mtu.

Siku moja alikuwa studio peke yake na Mzee Waya, wanakagua drams. Wakafika kwenye wimbo wa taratibu, "Kiti cha Dirishani", ambao Mshindo hakuupiga kwa vijiti. Aliupiga kwa brashi za waya, zile zinazopapasa ngoma kama mtu anayefagia ukumbi watoto wamelala. Mzee Waya alizima vyombo vyote akabakisha drams tupu. Na nyuma ya ule mpapaso, mbali, kama mtu anayeimba bafuni nyumba ya pili, Mshindo akamsikia mdogo wake. Neno kwa neno. Akasikia anavyovuta kamasi baada ya ubeti wa kwanza. Akasikia kiti cha plastiki kinalia alipobadilisha mguu.

Alisema tu, "Mzee, hebu rudisha kidogo, nisikilize hiyo ngoma ndogo."

Tokea hapo kila akija studio alikuwa na sababu ya kusikiliza ngoma ndogo. Mzee Waya hakuwa mjinga. Alikuwa akiuweka wimbo, akizima vyombo vingine, halafu akisema, "Ngoja nikateleke chai," akatoka na ndala zake bila sauti, na chai hiyo ilichelewa kuchemka kwelikweli.

Mama yao alikuwa akikaa nyuma ya duka. Macho yalikuwa yamepungua lakini vidole vilikuwa vizima, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kufumua: nguo ikikosewa alipewa yeye, akaifumua kwa wembe bila kujeruhi kitambaa. Na jioni, huku anaokota vipande vya uzi mapajani, aliuliza swali lake lile lile.

"Kapiga?"

"Bado, mama. Atakuwa kazini."

"Mm."

Ile "mm" ilimchoma Mshindo kuliko kilio. Jioni moja ikamtoka: "Utamsikia kwenye albamu, mama. Yumo. Sauti yake imebaki humo."

Mama aliacha kuokota uzi. "Yumo kweli?"

"Yumo."

Na hicho ndicho alichokuwa amekishika Mshindo moyoni. Albamu ikitoka, itasafiri. Siku hizi nyimbo zinafika kila mahali kwa simu. Itamfikia Chiriku kwenye kile chumba chake cha hoteli, ataiweka asikilize, na kwenye "Kiti cha Dirishani" atajisikia mwenyewe, chini chini, mahali pake hapajachukuliwa na mtu. Hapo atafunga virago arudi. Mshindo alijua kwamba mtu mzima hapaswi kuamini kitu kama hicho, na bado alikiamini, akakitunza kama mtu anavyoficha kipande cha kitambaa kizuri chini ya sanduku akisubiri kuzaliwa mtoto wa kushonewa.

Ikafika siku ya Msusi kuimba sauti zenyewe. Nyimbo za kelele zilikwenda vizuri kuliko walivyotazamia. Mwalimu alikuwa anarukaruka nyuma ya kioo kama mmoja wa watoto wake. Wakaja kwenye "Kiti cha Dirishani". Msusi akaanza, akafika mstari wa pili, akasimama. Akavua hedifoni sikio moja.

"Nani anaimba nyuma yangu?"

"Malaika wako," Nesi akasema kwenye maiki ya kuzungumzia.

"Malaika wangu hana mafua."

Hakuna aliyecheka. Mzee Waya akajikuna kidevu, akamwangalia Mshindo, na Mshindo akaangalia zulia.

Wakakutana wote chumba cha mitambo. Mzee Waya akawafafanulia: kwenye nyimbo nyingine Mshindo alipiga kwa nguvu, sauti ya Chiriku imezama humo, hata mwenyewe hawezi kuisikia. Lakini hapa ngoma ni za kupapasa, inabidi azipandishe ndipo zisikike, na akizipandisha, sauti nayo inapanda.

"Si uitoe tu," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, nikikupa chai niliyokwisha kuitia sukari, utaitoaje hiyo sukari? Dawa ni moja. Drams za wimbo huu zipigwe upya."

"Lakini ziko vizuri!" Nesi akaruka. "Na nani ataisikia? Mimi kwa redio ya kwetu wodini, mtoto akilia tu karibu yake hata wimbo wenyewe siusikii. Na mwenzetu alikuwa wetu jamani, si jambazi. Ibaki."

"Ibaki vipi? Watu wataona tumeshindwa kurekodi. Albamu ya kwanza hii, Nesi. Tutachekwa."

"Tulishachekwa kabla hatujarekodi. Tumezoea."

"Mimi niseme," Msusi akasema, na wakanyamaza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema sana. Alikuwa anazungusha pete kidoleni. "Mliniita niimbe. Sikuja kumfukuza mtu. Lakini kila nikitoa neno, yeye keshalitoa. Nikitaka kulivuta, yeye keshalikata. Ni kama nimekaribishwa kiti na nimekuta mtu amekaa, nikaambiwa kaa tu mapajani kwake. Nitakaa. Ila msiseme ni kiti changu."

Wote wakamgeukia Mshindo. Drams zilikuwa zake, na mdogo alikuwa wake.

"Nipeni mpaka Jumamosi," alisema.

Jioni hiyo hiyo alimpigia simu Chiriku, naye kwa bahati akapokea. Nyuma yake zilisikika sahani na mtu anayejaribu kinanda.

"Dada! Hamjambo huko? Mama hajambo? Subiri nitoke nje, hapa ni kama sokoni."

Mshindo alisubiri. Alikuwa amejipanga maneno tangu mchana, lakini yalipotoka yalitoka kinyumenyume. Akamwambia habari ya maiki, ya brashi, ya wimbo, kwamba sauti yake imebaki humo na wenzake wanabishana.

Halafu Chiriku akapasuka kwa kicheko.

"Ile ya kuongozea? Ile niliyoimba nimevimba pua kama kiazi? Dada yangu, futa hiyo kitu! Utaniaibisha! Wenzangu hapa wakiisikia si nitahama mji?"

"Si mbaya kama unavyofikiri."

"Ni mbaya! Nilikuwa naimba huku natafuta leso. Mwache yule dada aimbe vizuri. Anaimba vizuri?"

"Anaimba vizuri."

"Basi. Mimi nitainunua niwe mteja wenu wa kwanza." Mtu akaita jina, na Chiriku akamjibu "Nakuja!" Lilikuwa jina zuri, la jukwaani, ambalo Mshindo hakuwahi kulisikia. "Dada, wananiita. Msalimie mama. Mwambie nimenenepa."

Simu ikakatika. Mshindo alibaki ameishika sikioni, maana sikio lilikuwa bado na joto la ile sauti. Hakuwa amemuuliza atarudi lini. Alikuwa amempigia kumuuliza hilo, akamuuliza yote isipokuwa hilo.

Kesho yake mchana alipeleka mapazia nyumba ya tatu. Msusi alikuwa kazini, mteja mbele yake amelaza kichwa, naye anasuka huku anaimba chini chini "Kiti cha Dirishani". Mshindo akasimama mlangoni na mzigo wake asionekane. Msusi alikuwa anaimba kwa pua. Ile sauti yake nzito ya blanketi alikuwa ameiminya, ameipeleka juu, anakata maneno kifupi kifupi kama Chiriku. Tangu jana alikuwa na mtu mwingine masikioni, na sasa alikuwa anajipunguza ili atoshe.

Mshindo alikuwa ameona wateja wengi wakija na nguo ya marehemu au ya dada aliyeolewa, wanataka ikae miilini mwao. Bega linavuta, kifua kinabana, na mwenye mwili anajikunja kuificha aibu ya nguo. Siku zote aliwaambia, leta kitambaa nikukatie yako. Aliweka mapazia juu ya meza ya mlangoni, akaondoka bila kuaga.

Kilichobaki kilikuwa mama. Alimkuta anafumua pindo la sketi, wembe unatembea polepole.

"Mama, nilikwambia Chiriku yumo kwenye albamu."

"Uliniambia."

"Hatakuwemo. Nitapiga drams upya."

Wembe ulisimama, ukaendelea. Mama alifumua mpaka mwisho wa pindo, akaikung'uta sketi, akaikunja.

"Kakuambia mwenyewe?"

"Kasema ile sauti ni mbaya, ilikuwa na mafua."

"Kwani mimi nilitaka nzuri?" mama akasema. Halafu, akiiweka sketi kando: "Huyo msusi ana mama?"

"Anaye."

"Anasikia vizuri?"

"Nadhani anasikia."

"Mm," mama akasema. "Basi na yeye asikie wa kwake." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo nyingine nifumue kabla mwanga haujaisha."

Jumamosi asubuhi waliingia studio. Mzee Waya alikuwa ametandika mambo yake mapema. Alimweka Msusi chumba cha pili nyuma ya kioo kinene, akamwashia taa usoni, na drams akaziweka zitazamane naye. Mshindo akakaa, akavaa hedifoni, akainua macho. Alimwona Msusi vizuri kabisa, mpaka kishikizo kilicholegea kwenye blauzi yake.

"Mzee," alisema. "Kumbe kioo hiki kinaonyesha mtu hivi! Mbona siku ile hukusema?"

"Nilisema. Mlikuwa mnacheka."

Wakaanza. Haikuwa rahisi. Chiriku alikuwa akifungua mdomo kabla sauti haijatoka, ukajua neno linakuja. Msusi alifumba macho na midomo ikasogea kidogo tu, na neno likakukuta hujajiandaa. Mshindo alitangulia, akachelewa, akatangulia tena. Brashi zikawa nzito kama mifagio ya kweli. Mara mbili waliacha katikati. Mwalimu akaleta maji. Nesi, ambaye kwa maisha yake hakuwahi kukaa bila kusema, alikaa bila kusema.

Halafu Mshindo akaacha kuangalia midomo, akaangalia mabega. Msusi aliimba kwa mabega. Yaliinuka kidogo kabla ya kila mstari, kama mtu anayetaka kubeba ndoo. Hapo mikono ikapata njia. Na Msusi, akiwa peke yake masikioni mwake kwa mara ya kwanza, aliishusha sauti ile mahali pake, chini, nzito, nayo ikajaa chumba.

*Nimekuwekea kiti dirishani,*
*ukija usigonge,*
*sukuma mlango tu.*

Walipomaliza Mzee Waya akainua kidole. "Nzuri. Nzuri sana. Ila kuna mahali umechelewa. Ubeti wa mwisho."

"Sijachelewa."

Akaurudisha. Wakasikiliza. Kweli: kwenye ubeti wa mwisho, baada ya neno "ukija", brashi zilisimama. Kitu kidogo, kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani, halafu zikaendelea, na Msusi kabaki ametangulia peke yake.

Wakarudia wimbo. Zikasimama pale pale. Wakarudia tena, na safari hii Mshindo alijikaza, alijiambia usisimame, usisimame, na mikono ikasimama.

"Mwenzetu," Nesi akasema taratibu, "kuna nini hapo?"

Mshindo aliweka brashi mapajani. Alikuwa anataka kusema sijui. Kwa kweli mpaka dakika ile alikuwa hajui.

"Hapo ndipo pumzi ilikuwa inamwishia," alisema. "Tangu mdogo. Ubeti wa mwisho alikuwa hafiki, alikuwa anavuta pumzi hapo katikati ya mstari, mahali ambapo hakuna mtu anavuta. Mimi nilikuwa namngoja. Sikujua kama namngoja. Nilifikiri ndivyo wimbo ulivyo."

Mzee Waya akapeleka mkono kwenye mitambo yake.

"Ninaweza kukata," Mzee Waya akasema. "Naunganisha hapa na hapa, hakuna atakayejua."

Sauti ya Msusi ikaingia kwenye hedifoni kutoka upande wa pili wa kioo. "Alikuwa anavuta kwa muda gani?"

Mshindo akainua mkono hewani, akauacha ukae, akaushusha.

"Haya. Usikate, mzee. Mimi pumzi yangu inafika mpaka mwisho bila shida, lakini nitanyamaza hapo. Nitangoja naye. Halafu tunaendelea wote."

"Si lazima," Mshindo akasema.

"Najua si lazima. Piga."

Akapiga. Walipofika ubeti wa mwisho Msusi akafumbua macho. Akasema "ukija", akafunga midomo. Brashi zikakaa juu ya ngozi bila kusogea. Mshindo alisikiliza ile nafasi kwa mwili wote, na ndani yake hamkuwa na mtu, hamkuwa na mafua wala kiti cha plastiki, ila upana wake ulikuwa ule ule. Halafu mabega ya Msusi yakainuka, naye Mshindo akashusha mikono, wakaingia pamoja kwenye "usigonge".

Wimbo ulipokwisha Mzee Waya aligusa kitufe, akaandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika mahali pake.

"Ile ya zamani," akamuuliza Mshindo wengine walipokuwa wanajinyoosha, "nikuwekee kwenye flashi, ukasikilize nyumbani?"

Mshindo alifikiri. Alijiona na ile flashi, anaifungia kwenye droo ya vifungo, anaitoa, anairudisha, mama mlangoni anauliza anasikiliza nini.

"Hapana, mzee. Ifute. Mwenyewe kasema ifutwe."

"Nifute sasa hivi, wewe ukiwepo?"

"Ngoja nitoke."

Akatoka nje. Jua lilikuwa kali, mtaa umejaa watu wa Jumamosi, mtu anapakia magodoro juu ya gari na mwingine anamwelekeza vibaya. Mshindo akakaa kwenye kizingiti, akatoa simu. Alitafuta jina la mdogo wake. Akaandika, "Rudi." Akalitazama lile neno, limekaa peke yake na nukta yake. Akalifuta herufi moja moja kwa kidole gumba, akaandika, "Tumemaliza albamu. Mama anakusalimu." Akatuma.

Ujumbe ulionyesha umefika. Haukuonyesha umesomwa. Kwa saa hizo atakuwa amelala, alijiambia, watu wa kuimba jioni huamka mchana. Ndani alisikia Nesi amerudiwa na ulimi wake, anamwambia Msusi kwamba kuanzia leo atamsuka bure mpaka albamu ya tatu, na Msusi anamjibu kwamba kwa kichwa kile hata bure ni hasara. Mwalimu akapaza sauti: "Mshindo! Njoo ufungue drams zako, kuna kwaya inaingia saa hizi!"

"Nakuja," akasema. Akangoja kidogo tena, simu imelala kiganjani. Kisha akainuka, akajikung'uta vumbi la kizingiti kwenye sketi, akaingia ndani kulegeza nati za matoazi.